Kwa nini wazamiaji wazoefu huukataa mtindo mmoja wa kuzamia?

*"Mimi ni kijana wa Malindi. Nimemaliza kozi ya uokoaji na sasa natafuta cheti cha kuongoza wageni. Kaskazi iliyopita alikuja mzamiaji wa Ulaya aliyevaa bamba la chuma mgongoni na mpira mrefu wa hewa uliomzunguka shingoni. Aliniambia vifaa vyetu vimepangwa vibaya, na kwamba kila mzamiaji angefaa avae na kufanya kama yeye, mtindo unaoitwa DIR. Maji aliyatawala kweli, hata mchanga hakuutimua. Lakini wakubwa wangu kazini, watu walioanza kuzamia kabla sijazaliwa, hawataki hata kuusikia. Wanaukataa kwa kutoujua, au wanajua jambo nisilolijua? Na je, nianze kuweka akiba ninunue vifaa kama vyake?"*

Ndugu yangu, unaona kama lazima mmoja awe amekosea: ama wakubwa wako wamepitwa na wakati, ama mgeni yule alikuwa akijivuna. Si lazima. Wazamiaji wengi wanaoukataa mtindo huu wanajua vizuri wanachokikataa. Hakuna anayekataa utulivu ulioushuhudia. Wanachokataa ni sharti linalokuja pamoja nao, kwamba uchukue kila kitu au uache kila kitu. Kuhusu akiba yako, usinunue chochote bado. Nitakueleza sababu.

Tuanze na ulikotoka. DIR ni kifupi cha Doing It Right, na haukuzaliwa kwenye miamba ya matumbawe. Ulizaliwa Florida, Marekani, katika mapango yaliyojaa maji, na uliimarishwa miaka ya 1990 na kundi la WKPP (Woodville Karst Plain Project) lililokuwa likipima mapango ya Wakulla. Kule watu walikuwa wakienda kina cha zaidi ya mita 80, na kilomita kadhaa ndani ya mwamba. Juu ya kichwa ni jiwe. Ukipata shida huwezi kupanda, lazima urudi njia uliyoingilia, na tope likitimka huoni hata mkono wako. Mpangilio wa vifaa unatajwa kwa jina la Bill Main, mzamiaji wa mapango wa huko. George Irvine, aliyeuongoza mradi huo wa WKPP, ndiye aliyeutangaza kwa sauti kubwa. Mwaka 1998 Jarrod Jablonski alianzisha shirika la GUE (Global Underwater Explorers), ambalo hadi leo linafundisha mafunzo ya namna hiyo hata kwa wazamiaji wa kawaida.

Katika mazingira yale kila kanuni ilikuwa na sababu. Wote wanavaa sawa: bamba gumu, mkanda mmoja usiokatwa, bawa la kuelea nyuma, geji ya hewa kwenye nyonga ya kushoto, tochi za akiba kifuani. Wote wanapumua mchanganyiko uleule kwa kina kilekile, kwa mfano naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, ya asilimia 32 hadi mita 30, na wakienda chini zaidi wanaongeza heliamu. Wote wanajua ishara zilezile na mpangilio uleule wa kutatua tatizo. Lengo ni kwamba dharura ikitokea gizani, mkono wako ukifika kwa mwenzako ukute kitu palepale kilipo kwako, kama baharia wa jahazi anavyoikuta kamba ya demani usiku bila kuitafuta.

Hapo ndipo wengi wanaposoma vibaya, mashabiki na wapinzani vilevile. Wanadhani DIR ni bamba la chuma. Nguvu ya mtindo huu haiko kwenye chuma, iko katika kufanana kwa timu. Mtu mmoja aliyevaa hivyo katikati ya watu wanane waliovaa vingine hana timu ya DIR. Ana vifaa vizuri tu, na baadhi ya faida zake zimebaki Florida.

Tazama mpira mrefu, maana ndio ulioukuta shingoni mwa mgeni wako. Katika seti ya kawaida ya kukodisha, kipumulio unachotumia kina mpira mfupi unaopita bega la kulia. Kipumulio cha akiba, oktopasi ya njano, kina mpira wa kama mita moja, nacho hubanwa kifuani kati ya kidevu na mbavu za chini. Mwenzako akiishiwa hewa, unampa ile ya njano. Shida ni kwamba ya njano mara nyingi imechomoka kwenye kibano, inaburuta mchangani, imejaa chembe, na hakuna aliyeivutia pumzi tangu mtoke kwenye boti. Mtu aliyeshikwa na hofu naye haangalii rangi. Anakinyakua kile kinachotoa mapovu, yaani kilichoko mdomoni mwako.

Mtindo wa DIR umelikubali hilo tangu mwanzo. Unachopumulia ndicho unachokitoa, kwa sababu kila mtu anajua kinafanya kazi, na kwa kina kile kina hewa inayofaa. Mpira wake ni wa mita 2.1. Unashuka kutoka kwenye mtungi, unapita kiunoni upande wa kulia, unapanda kifuani kwa mshazari, unazunguka nyuma ya shingo na kuingia mdomoni kutoka kulia. Unakivuta kipumulio, unainamisha kichwa, unakipeleka mbele kwa mkono ulionyooka. Kisha unashika kipumulio cha pili kinachoning'inia chini ya kidevu kwa kamba ya raba, unakitia mdomoni. Ukifanya kwa ufasaha, wewe mwenyewe hukosi hewa hata kwa pumzi mbili. Urefu wa mita 2.1 ulichaguliwa ili watu wawili wapite mmoja nyuma ya mwingine katika njia nyembamba ya pango. Kwenye miamba yetu hakuna njia kama hizo, ndiyo maana wengi wanaozamia na mtungi mmoja huridhika na mpira wa mita 1.5 unaopita chini ya kwapa.

Sasa uweke utaratibu huo kwenye boti yako. Una wageni wanne. Mmoja amejifunza Misri, mwingine hajazamia miaka mitatu, na wawili ni mume na mke wanaogombana kuhusu risasi, yaani vipande vya uzito vya kumsaidia mzamiaji kushuka. Wote wamefundishwa kutafuta kitu cha njano kifuani mwa kiongozi, na kwako hakipo. Usipowaeleza, umewatatiza. Wakubwa wako wanaliona hili bila kulisoma popote: kiongozi wa wageni anapaswa kufahamika na mgeni, si na timu ambayo haipo. Hoja hiyo ina uzito na mimi naiheshimu. Inatibika, lakini kwa maneno ya nusu dakika kabla ya kuruka majini: "Ukikosa hewa, nakupa hiki kilichoko mdomoni mwangu," huku unawaonyesha kwa mikono na kila mmoja anakishika mara moja. Kiongozi asiyekuwa tayari kusema hivyo kila safari, bila kuruka hata siku moja, na abaki na oktopasi ya njano iliyobanwa vizuri.

Kuna sababu nyingine za kukataa, na hazina uzito sawa.

Ya kwanza ni lugha iliyotumika. Jina lenyewe linamwambia kila mtu mwingine kwamba anakosea, na Irvine na wafuasi wake walikuwa wakali sana kwa maandishi, wakiwaita wasiokubaliana nao majina ya kudharau. Kanuni yao ya kwanza ilikuwa usizamie na watu wa aina hiyo. Mzamiaji mwenye miaka ishirini kazini akianzwa kwa matusi hafiki kwenye hoja ya pili. Ukali ule umepungua sana, na walimu wengi wa sasa ni wapole, lakini kumbukumbu imebaki. Kama wakubwa wako waliwahi kukutana na wafuasi wa enzi ile, nawaelewa.

Ya pili ni mwili. Mkanda mmoja usio na vifungo mabegani ni imara kwa kuwa hauna cha kuvunjika, lakini mwenye bega bovu hauvui kwa urahisi, hasa kwenye boti inayoyumba. Kuna wanaozamia na mitungi ubavuni kwa sababu mgongo wao hauubebi mzigo, na wapo wapiga picha wanaohitaji mpangilio tofauti. Mtindo unaosema kila mtu afanane unawakosa watu hawa, na wana haki ya kuukataa.

Ya tatu ndiyo ninayotaka uielewe zaidi kuliko zote, maana inahusu hatari ya kufanana kwenyewe. Kanuni moja ikikosewa, wote wanakosea pamoja. Kwa miaka mingi walimu wengi wa mkondo huu walifundisha vituo vya kina, yaani kwamba unapopanda kutoka mzamio mrefu uanze kusimama chini sana ili kuzuia vipovu vya gesi visikue. Ilionekana ni akili nzuri. Mwaka 2011 kitengo cha majaribio ya kuzamia cha jeshi la majini la Marekani kilichapisha matokeo ya jaribio lililolinganisha ratiba mbili za kupanda zenye muda sawa, baada ya dakika 30 kwenye kina cha mita 52. Ratiba ya vituo vya kina ilitoa wagonjwa 11 wa vipovu hivyo katika mizamio 198. Ile ya vituo vya juu zaidi ilitoa 3 katika 192. Sababu ni kwamba ukisimama chini, viungo vinavyofyonza gesi polepole, kama mafuta na sehemu za maungio, vinaendelea kujaa naitrojeni wakati wewe unadhani unaitoa. Walimu wengi wamebadilisha mafunzo tangu hapo, jambo jema. Lakini waliokuwa wamekataa mapema, wakafuata kompyuta zao za kuzamia na majedwali ya zamani, hawakuwa wajinga.

Kompyuta nazo zilikataliwa na mtindo huu hapo mwanzo, kwa hoja kwamba mzamiaji afikiri kwa kichwa na asitegemee kioo. Kwa kazi yako usifuate hilo. Kiongozi anayeshuka na kupanda mara mbili tatu kwa siku, siku sita kwa wiki, anahitaji kompyuta inayokumbuka mizamio yote iliyotangulia. Iweke kwenye kifundo cha mkono na uisome mara kwa mara.

Gharama nitaigusa tu: vifaa vinauzwa kwa fedha za kigeni, vipuri havipatikani kila duka, na kituo chenye seti nyingi za kukodisha hakiwezi kubadilisha zote kwa sababu ya mgeni mmoja. Hiyo ni biashara, na haina haja ya mjadala.

Lakini kuna sababu moja mbovu ya kukataa, nayo utaisikia sana: kwamba mpira mrefu utakunyonga. Mpira uliopangwa sawasawa umelala kifuani na haukazi popote, na ukiinamisha kichwa unatoka. Unaonasa ni ule uliowekwa tochi au kamera juu yake baada ya kuvaliwa. Dawa yake ni kuuvuta wote hadi mwisho mkiwa juu ya maji, kabla ya kushuka, kila mzamio.

Sasa, ulichokiona kwa yule mgeni, mwili uliolala, pezi lisilotimua mchanga, hakikutoka kwenye bamba. Kilitoka kwenye mazoezi, na unaweza kuyafanya na jaketi la kuelea unalokodisha leo. Hapa kwetu ujuzi huo una thamani kuliko mahali pengi. Mvua zikinyesha bara, mto Sabaki unamwaga tope baharini na maji yanakuwa ya kahawia, na hata siku njema kuna mchanga mwepesi kati ya miamba. Teke la kawaida la kupanda na kushuka linasukuma maji chini, linafunika matumbawe kwa mchanga na kumfanya mgeni wa nyuma asikuone. Teke la chura linasukuma maji nyuma. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, na matumbawe yale yamelindwa muda wote huo. Pezi la kiongozi lisiwe ndilo linaloyavunja.

Anza na risasi. Ukiwa na bari 50 (bari ni kipimo cha shinikizo) kwenye mtungi, jaketi tupu, kina cha mita 4 hivi, unapaswa kubaki hapohapo ukipumua kawaida. Ukizama, punguza kilo moja, jaribu tena. Usipime mtungi ukiwa umejaa, kwa sababu hewa ina uzito: mtungi wa alumini wa lita 11 unapoteza kama kilo mbili kutoka bari 200 hadi 50, na ukikaribia kuisha unaanza kuelea. Viongozi wengi wanabeba risasi nyingi mno, kisha wanajaza jaketi hewa ili wasizame, miguu inaanguka, na mwili unasimama wima kama unapanda ngazi. Hamisha kilo moja au mbili kutoka kiunoni hadi kwenye mkanda wa mtungi, karibu na bega, na utaona miguu inapanda yenyewe. Kisha kaa mita 5 juu ya mchanga mtupu, magoti yamekunjwa, mikono mbele, usisogeze kitu kwa dakika nzima. Mwambie mwenzako akupige video. Utashtuka, kila mtu hushtuka.

La pili la kuchukua, na hili ndilo ningelifanya sheria katika kila kituo, ni hesabu ya hewa ya akiba. Tumefundishwa tufike juu na bari 50, na viongozi wengi husubiri mgeni aonyeshe 50 ndipo waanze kupanda. Fanya hesabu. Watu wawili wanashirikiana mtungi mmoja, wote wameshtuka, kila mmoja anavuta lita 30 kwa dakika. Mko mita 18, ambapo shinikizo ni mara 2.8 ya lile la juu ya maji. Dakika moja ya kutatua tatizo ni lita 168. Kupanda kwa mita 9 kwa dakika ni dakika mbili, kwa shinikizo la wastani la 1.9, lita 228. Dakika tatu za kusimama mita 5 ni lita 270. Jumla ni lita 666, na kwa mtungi wa lita 11 hiyo ni bari 61. Kutoka mita 30 hesabu hiyohiyo inatoa lita 1,010, yaani bari 92. Kwa hiyo 50 haitoshi popote hapo, na kwa mita 30 ni karibu nusu ya kinachohitajika. Anza kupanda na bari 70 kutoka mita 18 na bari 100 kutoka mita 30, na umweleze mgeni kabla ya kushuka kwamba unataka ishara kwenye namba hizo. Dakika mbili tatu za kutazama samaki zitapungua. Hakuna mgeni aliyewahi kudhurika kwa hilo.

Naitroksi ya 32 inakufaa wewe kuliko mgeni wako. Kwa mita 18 majedwali ya uzamiaji wa burudani yanampa mwenye hewa ya kawaida kikomo cha dakika 56 na mwenye naitroksi 95, lakini mgeni anayevuta lita 18 kwa dakika atakuwa ametumia bari 150 za mtungi wa lita 11 baada ya dakika 33. Hafiki kwenye kikomo chochote. Wewe unayezamia siku baada ya siku ndiye naitrojeni inayokurundikia. Tumia naitroksi kama kituo chako kinaichanganya na wewe mwenyewe unaupima mtungi kabla ya kuuchukua.

Kama baada ya haya bado unalitaka bamba, usilikatae kwa sababu ya wakubwa wala usilinunue kwa sababu ya mgeni. Azima kwanza. Kwa maji yetu ya joto na nguo ya milimita 3, bamba la chuma lina kilo mbili na nusu hadi tatu, hivyo toa risasi za kiasi hicho au utazama kama jiwe. La alumini halifiki kilo moja. Na kumbuka mkanda unaopita kati ya miguu: mkanda wa risasi ukiwa chini yake hauwezi kuutupa kwa dharura. Uvae juu yake.

Mambo matatu yanataka mtu mbele yako, si maandishi. Kubadilisha mipira ya vipumulio (regyuleta) ni kazi ya fundi, kwa kuwa tundu la shinikizo kubwa na la shinikizo dogo si kitu kimoja na uvujaji mdogo mezani ni mkubwa kwa mita 20. Kutoa hewa kwa mpira mrefu kunafundishwa na mwalimu, kwanza mkisimama kwenye maji ya kiuno, halafu mita 3, halafu kwa kushtukiza. Kama unataka kozi kamili ya msingi ya GUE, itafute, ukijua kwamba mwanafunzi anaweza kufeli, na mimi naiona hiyo kuwa sifa yake. Pango au meli iliyozama usiingie kwa mtindo wowote bila kozi ya mahali hapo.

La tatu ni la haraka. Ukitoka majini na baadaye ukasikia maumivu ya maungio, ganzi, kizunguzungu, upele wa madoa au uchovu usio wa kawaida, usingoje kesho na usirudi chini "kuyatoa". Lala chali, upewe oksijeni safi, kituo kiwapigie madaktari wa wazamiaji, na upelekwe hospitali. Kabla ya msimu kuanza, muulize mwenye kituo: oksijeni iko wapi kwenye boti, imejaa kiasi gani, chumba cha mgandamizo cha kutibu wazamiaji wanachokitegemea kiko wapi, na namba ya simu iko kwa nani. Akikosa jibu, hilo ndilo la kushughulikia kwanza, kabla hamjaendelea kubishana habari za mipira.